Kuosha Nishani

Watu wengine wakinunua gari jipya huliosha kwa bia. Klabu ya ngumi ya Nyundo, hapa kwetu Kaloleni, huosha nishani, na huiosha kwa ngumi. Ukirudi na nishani yoyote, iwe ya mtaa, ya jeshi au ya Afrika nzima, unapanda ulingoni ukiwa umeivaa shingoni, unafunga mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyechelewa, na unapigwa ngumi moja ya taya. Ni moja tu, lakini ya kweli. Anayepiga ni mtu wa mwisho kuangushwa na mkono wako. Wanasema ni ili usisahau kwamba kuna mtu alilala chini ndipo wewe ukapata kuinuliwa.

Mimi nimeolewa na klabu hiyo. Ningesema nimeolewa na Zedekiah Odongo, kocha wake, lakini ni mamoja. Nimefua kaptura za watoto wa watu, nimepika uji kwa ndoo, nimelaza wageni kutoka Kisumu na Nakuru sakafuni kwangu mpaka nikakosa pa kukanyaga. Nimeona watu wakioshwa. Niliona jino la Kinyanjui likiruka na kutua karibu na kiatu changu, naye akicheka huku damu inamtoka. Aliyewahi kukataa kuoshwa ni mmoja tu, Phares, jamaa mwenye maringo, na kabla ya mwaka kuisha alivunjika mguu mara mbili kwenye barabara ya Jogoo. Tangu hapo hakuna mtu wa Nyundo anayeicheka desturi hiyo. Hata mimi sithubutu, na mimi ni mtu wa kanisa.

Basi siku tulipoambiwa kwamba mume wangu atapewa Nishani ya Taifa ya Ukumbusho wa Michezo, machozi yalinitoka, na watu wakadhani ni ya furaha.

Mwaka jana Zede alianguka bafuni. Alikuwa amelalamika kichwa tangu Krismasi, nami nikimpa vidonge vya dukani na kumwambia apunguze kelele za ukumbini. Hospitalini wakakuta damu imevilia ndani ya fuvu. Walimpasua, na kipande cha mfupa juu ya sikio la kushoto hawakukirudisha. Daktari, msichana mdogo kuliko Jacklyne wetu, alinishika mkono akanionyesha. "Mama, hapa hakuna mfupa. Ni ngozi tu, na chini yake ni ubongo. Asipigwe, asianguke. Hata mpira wa watoto usimguse." Ukitazama vizuri ulikuwa unaona ngozi ile ikipanda na kushuka polepole, kama utosi wa mtoto mchanga. Aliniambia pia kwamba huenda tabia ikabadilika, na mimi nikafikiri anamaanisha kununa.

Zede akanikataza kumwambia mtu. Tulitangaza kwamba amekwenda kwao Alego kuangalia shamba, na aliporudi alikuwa amevaa mavin nyeusi ya sufu, ile kofia ya kuvuta mpaka masikioni, na hakuivua tena mbele ya watu. "Kocha mwenye shimo kichwani ni kocha wa nini?" aliniuliza. Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Akasema waliotunga maneno hayo hawakuwa mabondia. Kwa hiyo tukabaki kujua sisi watatu, yeye, mimi na Jacklyne, binti yetu anayekaa mtaa wa Fedha.

Mtu wa serikali alikuja mwenyewe ukumbini kutoa habari, amevaa suti na viatu vya kung'aa. Akaeleza kwamba nishani hii ni ya kuwakumbuka walioijenga michezo ya nchi bila kuandikwa magazetini, na kwamba jina la Zedekiah Odongo lilikuwa limetajwa na watu wengi. Hakumaliza vizuri. Wanaume wa Nyundo walimrukia Zede, wakamwinua mabegani, wakaanza kumrusha juu na kumdaka. Kichwa chake kilipita karibu na boriti ya mlango, nami nikapiga ukelele.

"Mshusheni! Mshusheni, nyinyi watu!"

"Mathe anaogopa tutamwibia mzee!" mmoja akasema, na ukumbi mzima ukacheka.

Walipomshusha, Kinyanjui akapanda juu ya benchi. Kinyanjui ndiye mwenyekiti wa klabu, ana bucha soko la Burma, na sauti yake imezoea kushindana na mashoka ya kukatia mifupa. "Akipewa tu, Jumapili inayofuata tunaiosha! Nyama ni mimi!" Wakapiga mabenchi kwa viganja. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza ni nani atakayemwosha Kocha, na kelele ikakatika ghafla.

"Mureithi," Kinyanjui akasema. "Wa mwisho ni Mureithi."

Kila mtu pale alikuwa anajua habari ya Mureithi. Alikuwa bondia hodari kuliko wote waliowahi kuingia Nyundo, na alikuwa amechaguliwa kwenda ng'ambo na timu ya taifa. Wiki ya safari alimjibu Zede vibaya mazoezini. Zede akavaa glavu, akapanda, akamwangusha, na taya ikavunjika. Ndege ikaondoka na mtu mwingine. Mureithi hakukanyaga tena ukumbini, na siku hizi ni bausa, yaani mlinzi, kwenye mlango wa baa moja mjini, shingo lake limeungana na mabega. Wakampigia simu pale pale. Hakuuliza swali hata moja. Alisema atakuja.

Jioni nilimkalisha Zede chini, nikamwekea chakula, nikangoja ale kidogo.

"Baba Jackie, kataa. Sema umezeeka, watakuelewa."

"Nimewasimamia wangapi wakioshwa mimi?"

"Hao walikuwa na vichwa vizima."

"Phares pia alikuwa na kichwa kizima. Si uliona?" Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. "Nyar Samia," akasema, na hiyo, binti wa Samia, ndiyo huniita anapotaka kunibembeleza, "kama ni kufa, si afadhali nife nikiwa na kitu shingoni?"

"Na mimi nibaki na nini shingoni?"

Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimtazama akila, mtu niliyempigia dua hospitalini mpaka magoti yakachubuka, anajipeleka kuuawa kwa furaha kama anayekwenda harusini, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio lile lilikuwa la mume wangu, nami sikuwa tayari kulizika.

Kesho yake nilikwenda Burma. Kinyanjui alikuwa anapasua mbavu za mbuzi, aproni imejaa damu, na moshi wa choma unaingia dukani kama mteja. Nilimwomba mwaka huu waache mambo ya kuosha, wale nyama tu na kuimba.

"Mama Jackie! Umeanza kuringa na hata nishani haijafika?" Akafungua mdomo akanionyesha pengo. "Mimi niliambiwa nisimame, nikasimama. Nishani ya serikali ndio isioshwe? Hiyo ndio chafu kabisa."

Nikamwita pembeni, nyuma ya friji, nikamwambia kila kitu. Aliweka panga chini. Nilipomwonyesha kwa kidole changu, juu ya sikio langu mwenyewe, mahali mfupa ulipokosekana, alivuta pumzi kwa meno.

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu. Ngumi ya Mureithi ikimfikia, hatafika hospitali."

"Basi tulia. Wacha niongee na yeye, kiume."

Nilitoka pale nimepata nafuu, mjinga mimi. Nilikuwa nimesahau ninaongea na watu gani. Mtu wa Nyundo haamini neno lolote kuhusu mwili wa mwanamume mpaka amwulize mwenyewe, na akimwuliza, atamwuliza mbele ya wengine, kwa sababu kwao kunong'ona ni tabia ya wambea. Kinyanjui alikwenda ukumbini saa ya mazoezi, akasimama katikati, akasema, "Kocha, mama anasema wewe ni mgonjwa. Ni ukweli?" Zede alilala chini na mavin yake, akapiga pushapu, na waliokuwepo wakaanza kumhesabia kwa sauti mpaka wakachoka wao. Kinyanjui akanipigia simu akiwa anacheka. "Mama Jackie, mzee yuko fiti kuliko sisi. Punguza presha."

Nilikuwa nakaanga sukuma wiki Zede alipoingia. Alifunga mlango nyuma yake.

"Umenivua nguo mbele ya Kinyanjui," akasema.

Niligeuka na mwiko mkononi nimjibu. Sikuiona ngumi. Niliona dari, kisha chini ya kitanda, kisha ndoo ya maji ikiwa imelala ubavu karibu na uso wangu. Katika ndoa yetu yote Zede hakuwahi kuniinulia mkono, hata siku tuliyozika kifungua mimba wetu na mimi nikamtukana mama yake. Nilidhani atapiga magoti aniombe msamaha. Alisimama juu yangu, akanyoosha mkono, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Moja. Mbili. Tatu."

Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama ya refa asiyemjua yeyote kati ya wanaopigana. Niliinuka kabla hajafika kumi, na sijui ni nini kilichoniharakisha. Akanitazama machoni, akanipangusa mabega.

"Vizuri. Umesimama," akasema. Kisha akauliza kama ile harufu ni ya sukuma kuungua. Ilikuwa ni hiyo.

Sikumwambia mtu, kwa sababu ningeanzia wapi? Upande wa kulia wa uso ulivimba, ukageuka bluu, halafu manjano. Mama wa nyumba ya pili akanitazama tukianika nguo, akasema bafu za Kaloleni zimekuwa na utelezi sana siku hizi. Nikamjibu kweli, zina utelezi. Usiku na mchana nilikuwa nawaza jambo lile lile, namna ya kumzuia Mureithi, na nilipomtazama Zede anajinyoa mbele ya kioo, anapiga mluzi, nilikuwa nampenda na kumwogopa kwa moyo ule ule mmoja.

Siku ya nishani Jacklyne alikuja na poda yake, akanipaka usoni, akaniachia kopo lake. "Mum, umegonga nini?" "Kabati." Alimtazama baba yake muda mrefu, naye baba yake akamwuliza kama tai imekaa sawa.

Sherehe ilikuwa ndani ya hema kubwa mjini, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, bendi ya askari inapiga tarumbeta. Waliitwa wakimbiaji waliozeeka, mama aliyewafundisha viziwi kuogelea, mzee aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa maisha yake yote. Zede alipoitwa, nilisimama bila kuambiwa. Ofisa wa itifaki akamzuia kwenye ngazi.

"Mzee, kofia tafadhali."

"Ni baridi," Zede akasema. Jua lilikuwa linawaka mpaka hema linanuka plastiki.

Yule ofisa akanyoosha mkono amvue mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye ukingo wa mavin, upande wa kushoto. Zede akamshika kifundo cha mkono. Hakumbana, alimshika tu, lakini sura ya yule ofisa ilibadilika, akarudi nyuma akatabasamu kwa ajili ya kamera. Mume wangu akavishwa nishani na kofia yake kichwani. Ilikuwa nzito, rangi ya shaba, utepe wake mweusi, mwekundu na kijani, mwenge umechongwa mbele na jina lake nyuma. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, na kila kofi nililosikia lilikuwa linaniambia Jumapili inakuja.

Ikaja. Baada ya ibada nilimkuta Mureithi amesimama mlangoni mwa ukumbi, glavu zimening'inia shingoni kwa kamba zake. Sikuwa nimemwona tangu akiwa kijana mwembamba. Alinisalimu kwa mikono miwili, kwa heshima, hilo siwezi kumnyima.

"Mathe, usiogope. Ni moja tu."

"Mureithi, mwanangu, ipunguze."

"Siwezi punguza." Alijipapasa taya, mahali ambapo mfupa uliungana vibaya. "Yeye hakupunguza yangu."

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Mtu mwenye hasira hukosea shabaha.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Wanawake tulikuwa tumeketi nyuma na masufuria. Zede akapanda, nishani kifuani, mavin kichwani, akafunga mikono nyuma ya mgongo, akainua kidevu. Alikuwa anapendeza, Mungu anisamehe. Mwanga wa dirisha ulikuwa umempiga usoni, na alikuwa anatabasamu kama siku aliyokuja kunichumbia. Mureithi akavaa glavu na kufungwa kamba. Kinyanjui akasimama kati yao, akauliza swali linaloulizwa kila mara, ambalo kila mtu hulijibu kimoyomoyo kabla halijaisha.

"Nani wa mwisho kuanguka mbele ya mkono huu?"

"Ni mimi," Mureithi akasema.

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria. Nakumbuka joto lake kwenye kiganja, na nakumbuka nikijiambia nyamaza, nyamaza, haya ni mambo ya nyumba yako. Lakini nilimwona Mureithi akirudisha mguu wa kulia nyuma na kukanyaga vizuri, nikajua ngumi ile ingetua wapi. Nikaachia kifuniko. Kikagonga sakafu, na wote wakageuka.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Mtu akacheka. Nikachukua upindo wa leso yangu, nikaulowesha mate, nikajifuta poda yote upande wa kulia mbele ya macho yao, nikawa natembea kuelekea ulingoni huku najifuta. Yule aliyecheka akaacha.

"Aliniangusha hapo nyumbani, siku Kinyanjui alipomwuliza kama ni mgonjwa. Nililala chini, naye akanihesabia. Mureithi alianguka zamani. Wa mwisho ni mimi."

Kinyanjui alifumba macho. Akamgeukia Zede, na sauti yake ya Burma ilikuwa imekauka. "Kocha. Ni ukweli?"

Zede hakunitazama. "Mambo ya nyumbani hayaingii hapa."

"Hatujauliza mambo ya nyumbani," Mureithi akasema. "Tumeuliza nani wa mwisho." Alikuwa ameanza kufungua kamba za glavu kwa meno. "Sheria ni yako, Kocha. Wewe ndiye ulitufundisha."

Akateremka, akanivisha glavu zile mwenyewe, zingali na joto la mikono yake. Zilinipwaya. Kisha akakanyaga kamba ya chini na kuinua ya juu ili nipite, kama wanavyofanyiwa mabondia. Mimi na gauni langu la kanisani tukasimama mbele ya mume wangu, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni aliyoogea.

Nilikuwa nimepanga kumgusa kifuani, basi. Ioshwe, iishe, mume wangu ateremke akiwa mzima. Akainama kidogo, midomo haisogei, akaninong'oneza.

"Ukinipapasa kama mtoto mbele ya hawa watu, tutaonana nyumbani."

Nilimwelewa vizuri. Alikuwa ananiomba nimpige ya kweli, amalize siku yake kwa heshima, hata kama atakufa. Na kama sitaki, kutakuwa na malipo. Nikamtazama yule mtu ambaye nilikuwa nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima ili aendelee kupumua. Nikaweka glavu kifuani pake, chini kidogo ya nishani, polepole.

"Ngumi ya Sunday school!" mtu akapiga kelele nyuma, na wengine wakacheka kwa sababu walihitaji kucheka.

"Imeoshwa!" Kinyanjui akasema, kama inavyotakiwa. Makofi yalikuja yamechelewa.

Nyama zililiwa, maana nyama haikatai kuliwa, ila hakuna aliyekaa benchi moja na sisi. Zede alikuwa anapokea mikono ya watu na kujibu "asante, asante," bila kutafuna. Kinyanjui akaniletea sahani, akachuchumaa mbele yangu.

"Nilifaa kukuamini siku ile," akasema. "Usilale hapo leo. Twende nikupeleke kwa Jackie, Fedha. Gari iko."

"Na dawa zake nani atampa?"

"Mama Jackie, huyo mtu alikuangusha."

"Najua, Kinyanjui. Nilikuwepo."

Tulirudi nyumbani jua bado liko juu, tukapita katikati ya mtaa, yeye mbele na mimi nyuma. Watu waliokaa nje ya milango walimpongeza Zede. Alikuwa anawainulia nishani kwa kidole gumba, na kila akiinua nilikuwa naona mgongo wake unavyozidi kukakamaa. Tulipoingia akafunga mlango, akasukuma komeo. Redio ya jirani ilikuwa inaimba kwaya. Akavua koti akalitundika. Akavua nishani kwa uangalifu, akaiviringisha utepe wake, akaiweka juu ya kitambaa cha televisheni, mbali na ukingo, ili isije ikaanguka. Mwisho akavua mavin, kwa sababu ya joto, akaanza kukunja mikono ya shati.

Lile shimo lilikuwa linapanda na kushuka upesi kuliko nilivyowahi kuliona.

"Simama hapo," akasema, akinionyesha nafasi kati ya kitanda na kabati.

Sikwenda. Nilishangaa kuisikia sauti yangu, jinsi ilivyokuwa ya kawaida, kama naulizia bei ya nyanya.

"Zede, leo nimegusa kifua kwa sababu nilitaka uishi. Kati ya hawa watu wote, ni mimi peke yangu ninayejua mahali hapo palivyo laini. Ndio mimi ninayekuosha, ndio mimi ninayekupaka dawa. Ukiniangusha tena, hakikisha siamki."

Alibaki na mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine haujakunjwa. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono wangu wa kulia, nami nikatazama pia, nikaona nimeshika mchi wa kinu. Sikumbuki kuuchukua.

Nilingoja moyo wangu uniambie kwamba natania. Haukuniambia. Kwa ajili ya mahali pale, padogo kama kiganja cha mtoto, nilikuwa nimekesha, nimesali, nimejianika mbele ya Kaloleni nzima ili mkono wa mtu usipafikie. Sasa mkono uliokuwa karibu zaidi ulikuwa wangu. Niliogopa wakati ule kuliko siku aliyonipiga.

"Tia chai," Zede akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Nikaweka mchi mezani, nikawasha jiko. Nyuma yangu nikamsikia anakokota kiti chake kutoka mahali kilipokaa miaka yote, karibu na mlango penye hewa. Nilipogeuka na vikombe, alikuwa amekisogeza pembeni kabisa na kukaa, upande wa kushoto wa kichwa chake ameubana ukutani, macho yakifuata mikono yangu.